Tabaka la Saumu

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba mimi na dada yangu Saumu tumekuwa punje za mchanga, na kwamba tumechelewa kazini.

Saumu ndiye ninayelala naye chumba kimoja tangu utoto. Jumamosi anaolewa na kuhamia Tabora. Ndotoni hakuna aliyelitaja jambo hilo, ila mimi sikulisahau hata kidogo.

Jangwa lilikuwa jekundu, na hakuna binadamu aliyekuwa amezaliwa bado. Msimamizi wetu alikuwa Upepo, amevaa koti la mvua ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu aajiriwe.

"Kazi ni nyepesi," akasema. "Mnaruka mkiupanda mgongo wa tuta la mchanga. Ukitua, mpige teke aliye mbele yako, naye aruke. Mkifika kileleni mnaporomoka upande wa pili, mnalala pamoja, mnakuwa tabaka moja. Zamu nyingine italala juu yenu. Ukikosa tabaka lako, basi, mpaka muwe mawe."

"Na tukishakuwa mawe?"

"Hapo ndiyo basi kabisa."

Nikamshika Saumu mkono. Hatukuwa na mikono, tukashikana hivyo hivyo.

Tunaruka. Jamani, raha! Natua, napiga teke, mtu anapaa akicheka, nami napigwa la nyuma, nacheka zaidi. Namtia Saumu teke la kisigino, anapaa akipiga vigelegele mpaka kileleni. Nami narukia huko huko, natua nyuma ya bibi mmoja aliyechakaa mpaka akawa duara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Zamani nilikuwa mlima. Haya, nipige teke."

"Bibi, nitakupigaje teke?"

"Kwa mguu."

"Siwezi. Nimelelewa."

"Basi nisukume."

"Hata kusukuma, bibi. Tangulia tu, nakusubiri."

Foleni nzima ikasimama nyuma yangu. Tuta likazidi kurefuka. Mteremko wa upande wa pili, uliokuwa umejilaza kwa kiwiko, ukafumbua jicho na kutangaza kwamba umeshainuliwa vya kutosha, na kuanzia hapo lawama si zake. Ukaachia. Zamu ya Saumu ikaporomoka bila mimi.

"Tatu!" akaniita kwa jina langu akiwa chini. "Tatu, shuka basi!"

Nilipoporomoka hatimaye, matabaka mazima yalikuwa yamelala kati yetu. Nililia kwa uchungu. Bibi alilala kando yangu akanifariji kwamba nina adabu nzuri sana, ila ndiyo hivyo, nimemkosa dada.

Papo hapo tabaka letu likawa sebule ya nyumbani Muheza, pamoja na makochi. Maji yakaingia kwa kupitia sakafuni.

"Sisi ni maji ya ardhini," yakajitambulisha. "Tumepanda kidogo."

Mchanga wote ukalainika kama uji. Upepo akachungulia dirishani, uso umemshuka.

"Sasa asitikisike mtu! Fundi Kutu yuko njiani na gundi. Akishawapaka, mmekuwa jiwe, na kila mmoja abaki alipo."

Kila mmoja abaki alipo! Na Saumu wangu yuko kule chini kabisa!

"Hodi!"

Mlangoni alisimama dinosaria mkubwa kama shule ya sekondari, amejifunga kanga kiunoni, na kapu la mchele wa harusi mkononi.

"Msimwitikie," Upepo akanong'ona. "Akikanyaga humu, matabaka yote yanavurugika."

"Hodi!"

Bibi aliyewahi kuwa mlima alitazama dari.

"Hodi jamani, wenyewe!"

Mgeni amebisha hodi mara ya tatu, tena amebeba kapu. Nilijizuia. Wallahi nilijizuia.

"Karibu!" nikasema.

Akaingia, mguu mmoja tu. Sakafu ikajikunja kama chapati inayoviringwa kabla ya kusukumwa tena. Waliolala chini wakapanda, waliolala juu wakazama, wengine wakapinduka kabisa wakawa wanasalimiana kichwa chini. Kila mtu alikuwa akicheka, hata Bibi, aliyesema hajatikiswa vizuri hivyo tangu akiwa na kilele. Mimi niliviringika, nikapita tabaka moja, nikapita jingine, nikamwangukia mtu shingoni.

"Ulikuwa wapi wewe?" akauliza Saumu.

"Nilikuwa namsalimia mtu."

"Nilijua tu."

Kutu akafika na ndoo na brashi. Alipotuona alikasirika.

"Ndivyo mnavyotaka kugandishwa? Mmepindana hivi?"

"Hivi hivi!" tukapiga kelele pamoja.

Akatupaka, huku akilalamika kwamba siku hizi hakuna tena mchanga ulionyooka. Gundi ilikuwa ya baridi na ilitutekenya. Dinosaria alituomba radhi akauliza mchele auweke wapi.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Saumu alikuwa kitandani kwake, ameelekea ukutani, anapumua taratibu.

Kwenye mto wangu kulikuwa na punje mbili za mchanga mwekundu, zimegandana. Nilijaribu kuzitenganisha kwa ukucha. Nikachukua chanuo, nikajaribu kwa jino lake. Hazikuachana.

"Ziache hizo," Saumu akasema bila kugeuka. "Ya juu ni wewe."