Hatua Aliyoificha Mhunzi

Mhunzi hakuwa na shahada, hakuwa na kompyuta, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na imani na kitu cha bure. Binti yake alipomwekea kwenye simu mhadhara wa profesa wa vyuma, aliuliza kwanza, "Huyu anauza nini?"

"Hauzi kitu, baba. Anafundisha tu."

"Basi kuna kitu ataficha. Fundi hatoi yote."

Alijua alichosema. Miaka thelathini nyuma alimfundisha mdogo wake kazi yote isipokuwa hatua moja: kukipasha kisu moto tena baada ya kukizamisha majini. Visu vya mdogo wake vilivunjika kama biskuti, wateja wakamcheka, naye akahama mji akiamini mikono yake ni mibovu.

Mhunzi alikodoa macho, akingoja profesa airuke hatua ile. Profesa hakuiruka. "Kipashe tena, polepole," alisema. "Kikigeuka rangi ya majani makavu, kitoe."

Mhunzi aliurudisha mhadhara nyuma, akasikiliza mara tatu.

"Mbona umenuna, baba?"

"Kaisema yote! Niletee karatasi na bahasha, nimwandikie baba yako mdogo."

"Si umpigie?"

"Simu zangu hapokei."

Aliandika: "Mdogo wangu, mikono yako haina kosa. Mimi nilikuficha." Chini yake akaieleza hatua ile yote, pamoja na rangi. Akalamba bahasha, akaikandamiza kwa kiganja, kisha akaenda mwenyewe posta kuitumbukiza sandukuni.