Sauti ya Lenard

Macho ya Mama Getruda yalipopofuka kwa presha ya macho, hakuomba kingine ila kuisikia sauti ya Lenard. Huyo alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyezikwa Makambako angali kijana. Kilichobaki ni kanda moja ya video ya siku ya kipaimara, aliposimama mbele ya wageni akamshukuru mama yake kwa Kibena.

Enoki, mdogo wa Lenard, alikuwa akiishi na mama yao, Njombe mjini. Akaenda Makambako kuazima deki ya kuchezea kanda kwa Agustino, aliyewahi kuwa na banda la video, akanunua na kifaa cha kuiunganisha na kompyuta. Agustino alimwonya kwamba kanda imeshika ukungu, aisafishe kwanza, maana huenda ikacheza mara moja tu. Lakini nyumbani mama aliuliza kila mara kama bado, na Enoki akaona kumsubirisha ni kumtesa.

Akachomeka waya, akazima spika ili mama asisikie vipandevipande. Picha ikaja: Lenard katika koti la kuazima, anacheka. Enoki alimkodolea macho hadi hotuba ikaisha. Hapo deki ikakwaruza, ikasimama. Alipoivuta kanda, utepe ulitoka umekunjamana, unga wa kahawia ukimshika vidoleni.

Hakushtuka sana. Si yote yameshaingia kwenye kompyuta? Akamkalisha mama karibu, akawasha spika.

Lenard akafungua kinywa. Kimya. Enoki akarudisha nyuma, akaongeza sauti, kisha akachungulia nyuma ya deki. Waya wa picha ulikuwa mahali pake. Zile za sauti alikuwa amezichomeka kwenye matundu yasiyo yake.

"Mbona hasemi?" mama aliuliza.

Enoki akamweleza kosa lake, bila kujitetea.

"Anasema, mama. Midomo inacheza. Nikuambie anavyo..."

"Maneno ninayo," mama alisema. "Sauti ndiyo iliyonitoka."

Enoki alirudi Makambako na kanda. Agustino aliunga utepe, akaujaribu kwenye deki nyingine. Ikasikika mikwaruzo mitupu, kama mvua juu ya bati. Akamwambia asihangaike tena.

Mama hakumlaumu. Ila tangu siku hiyo, Enoki akimsemesha, alichelewa kumwitikia, kana kwamba alikuwa akisikiliza kwingine.