Ushungi wa Mwatum

Mtaa mzima wa Jadida wanasema mie, Bi Mwanamize, nimekosa adabu, nimemfokea mwalimu mkuu kwenye maulidi ya skuli mbele ya mashehe na wageni. Nimemfokea, ndiyo. Na leo akipita hapa barazani kwangu nitamfokea tena, maana hasira zangu ziko hapa kooni na hazitaki kushuka.

Mwatum ni mjukuu wangu. Mama yake anafanya kazi Unguja, mtoto namlea mie. Tangu mdogo mwili wake haustahamili mambo ambayo mie na wewe hata hatuyatambui. Mshono wa nguo kwake upupu. Kengele ya skuli ikilia anaziba masikio na kujikunyata chini ya dawati. Wengine wakasema ana shetani, wengine wakasema nimemdekeza. Mwalimu wake wa darasa la pili alimchapa kwa sababu alivua ushungi katikati ya somo, akamwita mtoto asiye haya. Mtoto wa miaka minane, haya gani hizo mnazomdai?

Ndipo akaja Kazija, msichana wa hospitali, mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Kazi yake ni watoto kama Mwatum. Kila Jumatano alikuja skuli, wakampa chumba kidogo upande wa stoo. Mie nilidhani ataleta sindano na vidonge. Kaleta bembea ya kitambaa, brashi laini na mto aliotia mchanga. Anambembeza mtoto, anamsugua mikono, anamwekea ule mto mzito mapajani, basi mtoto anatulia, anashika kalamu, anaandika.

"Mwanangu, hii ndiyo dawa yenyewe?" nilimuuliza.

"Si dawa, Bi Mwanamize. Mwatum atabaki Mwatum. Tunausaidia mwili wake upumue ili aweze kusoma."

Akamshonea na ushungi wa pamba, mlaini, usio na mshono shingoni. Mwatum akaanza kwenda skuli bila kulia. Akajua kusoma jina lake, kisha langu.

Halafu tukaletewa mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Soud. Bwana nadhifu, suruali yake ina mkunjo wa pasi kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Akaamua siku ya maulidi wasichana wote wavae ushungi wa aina moja, wa nailoni, una lesi kuzunguka uso, kwa sababu wageni wanakuja kutoka wilayani. Nikamwendea ofisini. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamweleza hali ya mtoto. Alinisikiliza huku anapanga kalamu zake.

"Bi mkubwa, skuli ina utaratibu," akanambia. "Asiyeweza kuvaa sare abaki nyumbani."

Nikamwambia Mwatum tukae zetu, nitampikia mkate wa kumimina. Akakataa katakata. Kasida kaihifadhi yote, na anataka kukaa na wenzake. Ushungi ule kauvaa mwenyewe, kaubana pini mwenyewe, na mie nikafuata nyuma.

Spika walizifungua mpaka mabati yanatetemeka. Moshi wa udi umejaa ukumbi, na mtu kashika mrashi anapita kuwanyunyizia watoto marashi usoni. Nilikaa upande wa wanawake, macho yangu kwa Mwatum. Hakuziba masikio. Hakuvua ushungi. Kakaa wima, mikono kaifumba mapajani, midomo inafuata kasida. Nikaanza hata kufurahi.

Dua ilipokwisha Mwalimu Soud akashika kipaza sauti, akamsimamisha Mwatum mbele ya watu.

"Mtoto huyu alikuwa hashikiki," akasema. "Leo mmemwona wenyewe. Amepona, na kilichomponya ni utaratibu tu. Kile chumba cha bembea hatukihitaji tena, tutakifanya stoo ya viti."

Watu wakaitikia mashaallah. Wageni wa wilaya wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Nikainuka kwenda kumchukua mjukuu wangu. Nilipomshika mkono nikahisi umeroa. Nikaufumbua. Kucha zilikuwa zimezama kwenye nyama ya kiganja, damu nyingine imeganda na nyingine inatoka, na mkono wa pili vivyo hivyo. Nikainua lesi. Shingo yote imetutumka vipele.

"Bibi, usiseme," akaninong'oneza. "Watanirudisha nyumbani."

Wallahi hapo ndipo hasira ziliponipanda. Mtoto wa watu anatoka damu na bado anawachungia siri yao. Nikampeleka mpaka mbele ya Mwalimu Soud, kipaza sauti kiko mkononi mwake na bado kinawaka, nikamwonyesha kile kiganja.

"Huku ndiko kupona unakokutangaza," nikamwambia. "Tazama, na wageni wako watazame. Yule Kazija unayetaka kumfukuza, kwake mtoto alikuwa anaandika. Kwako anatoka damu."

Akatazama. Uso ulimbadilika, lakini bado akawa na neno.

"Lakini alitulia, Bi Mwanamize."

"Hakutulia. Alikuogopa."

Ukumbi mzima ulisikia. Mwatum akauvuta mkono wake taratibu kutoka kwangu, akaufumba tena, akauficha ndani ya ushungi.