Heshima ya Herufi

Maktaba ya mji wetu wa Malindi ilianza na makabati matatu ya Bwana Tribhovan, mwuza vitambaa. Baada ya Uhuru baraza likaipokea, likapaka rangi ubao wenye jina lake lenyewe, na tangu hapo halijabadilisha hata bati moja. Mvua ikinyesha, vitabu vinanyeshewa. Nimelalamika miaka kumi na minane. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma, mtu mzima, mikono ikinuka korosho.

Kabati la tatu lilikuwa na daftari la karani wa mudiri, mtawala wa mji siku hizo, la mwaka 1912: majina ya wakulima wa Matsangoni na minazi yao, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu. Babu yangu Menza alikuwemo. Mwaka 1986, tajiri mmoja alipozuka na hati ya mashamba yetu, tukaitwa kwenye kamati ya ardhi, Alhamisi. Wazee wakanituma nikalilete daftari liwe ushahidi.

Nilifika Jumatano. Kabati tupu.

“Agizo la baraza,” akasema Bi Zuleikha, mkutubi. “Vilivyoliwa na mchwa vitupwe jaani. Muulize Mzee Mahadhi, ndiye aliyebeba.”

Mzee Mahadhi, bawabu, mtu wa Pate, alikuwa ameketi uani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Garama. Mbona watoka jasho kama mchoma chokaa?”

“Lile daftari la herufi za Kiarabu. Umelitupa jaani?”

Akanitazama kama niliyemtukana mamake. “Mimi? Nilitupe jina la Mungu, mbuzi walitafune? Nimelichoma kwa adabu, majivu nikayatia baharini.”

“Ulilisoma?”

“Ukurasa wa kwanza. Una Bismillahi.”

“Na wa pili?”

“Kurasa zilishikana kwa maji. Nani afunue kwa nguvu karatasi ya dini?”

“Ilikuwa minazi, mzee. Minazi yetu.”

Akavua kofia, akaiweka magotini. Nimewatukana mabwana shauri, madiwani na machifu, wengine usoni. Huyu nilishindwa.

Kesho yake alikuja mwenyewe kamatini, kanzu imepigwa pasi.

“Shahidi,” mwenyekiti akamwuliza, “hilo daftari liliandikwa nini?”

“Bismillahi, bwana.”

“Na baada ya hapo?”

“Sijui.”

Watu wa tajiri wakacheka. Karani akaandika: hakuna ushahidi.

Tulipewa siku saba tuhame. Zilitosha kung'oa milango na madirisha. Makaburi tuliyaacha.