Kitufe cha Kupunguza Bei

Baba Nice ana duka la jumla la masufuria Kariakoo, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kumwambia mtu wa nyumbani hapana. Mtu akisema tu anatokea kwao Rombo, masufuria yanatoka kwa hasara. Duka lake la kwanza lilikufa hivyo hivyo. Hili la pili likifa, anarudi kulima migomba, na kulima hajui. Ndipo akaniita mimi, Fortunata, nimtengenezee mfumo wa mauzo.

Nikaweka vyeo vitatu: muuzaji, meneja, mmiliki. Kila mtu akiingia anaona vitufe vya cheo chake tu, na kitufe cha kupunguza bei anakiona mmiliki peke yake. Kazi safi, nikajipongeza.

Wiki ya pili akanipigia simu.

"Fortunata mwanangu, kile kitufe kifiche."

"Kwa nani tena, Baba Nice? Khalfani muuzaji hakioni. Meneja hakioni."

"Kwangu."

Nilikasirika, sitasema uongo. Nimesoma miaka minne ili nimfichie mtu kitufe chake mwenyewe? Lakini mteja ni mfalme, nikakificha. Na dawa ikafanya kazi! Watu wa nyumbani wakija, anawageuzia skrini: "Ona mwenyewe, hakuna pa kubonyeza." Wananuna, wanalipa. Mwezi mzima duka likapumua.

Mpaka alipokuja Shangazi Paskalina, dada wa baba yake, anayeishi Mchafukoge. Siku hiyo nilikuwa pale dukani natengeneza printa. Tukamwamkia, akaitikia marahaba huku ameshachagua masufuria kumi na mawili. Baba Nice akageuza skrini. Shangazi akavaa miwani, akaikagua juu mpaka chini, kisha akanyoosha mkono akachomoa waya wa umeme ukutani.

"Haya. Sasa tumebaki mimi na wewe. Sema bei."

Baba Nice akanitazama. Mimi nikaitazama printa, nayo ilikuwa imezimika. Masufuria yakatoka kwa hasara, na nauli ya bajaji juu yake. Roho iliniuma utadhani duka ni la baba yangu.

"Umemwona?" Baba Nice akasema, jasho likimtoka. "Huyu hajawahi kushindwa bei tangu azaliwe. Kule Feri wauza samaki wakimwona wanafunika meza."

Hapo akili ikanijia. Kesho yake nikaenda kwa Shangazi, nikaomba simu yake, nikaweka mfumo humo, nikaongeza cheo cha nne: Shangazi. Kitufe cha kupunguza bei sasa kinaonekana kwake tu. Anayetaka punguzo aongee naye.

Jumatatu akatokea Tarsis, jirani wa kule Rombo, anadai bei ya nyumbani. Baba Nice akampigia Shangazi, akampa Tarsis simu. Tukamsikia: "Shikamoo, Shangazi." Kisha: "Ndiyo." Kisha: "Hapana, Shangazi, sikuwa na maana hiyo."

Akarudisha simu, akalipa bei kamili, akaongeza na sufuria moja ya kumpelekea Shangazi.