Viti Vilivyotoka Mapema

Mimi ni mtu wa hasira, na siku ile hasira zangu zote zilikuwa kwa sakafu. Baba yangu, Papa Sylvain, aliitandika mwenyewe sebuleni kwetu Kamalondo alipostaafu kazi ya reli: vibao vya mbao ngumu, kimoja kimoja, kwa kole, yaani gundi ya mbao, na misumari. Sasa vilikuwa vimelegea. Mara mbili vilimkwaza akienda chooni. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba nyonga yake iliyoumia haitastahimili kuanguka tena.

Basi Jumamosi asubuhi nikamwambia asitoke chumbani mpaka nimwite. "Ndiyo, mama," akajibu. Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Edith. Nikatoa viti vyote, meza, hata kabati, nikavipanga mbele ya nyumba. Nikang'oa vibao vitano mlangoni pa chumba chake, nikakwangua kole ya zamani, nikachanganya mpya na unga wa mbao. Hata nilikuwa naimba. Mjinga mimi!

Maana kwetu nani asiyejua? Viti vyote vikitoka nje asubuhi, kuna maiti. Hutolewa ili wanawake wakae chini walie. Mimi mwenyewe nimebeba viti vya majirani mara ngapi! Siku ile nilikuwa nawaza kole tu.

Mama Julienne wa ng'ambo ya barabara aliviona. Hakuuliza. Alikuja mbio, mikono kichwani: "Mama weee! Papa Sylvain ametuacha!" Nyuma yake wengine watatu. Nikatoka na patasi mkononi, nawafokea: "Munyamaze! Baba iko muzima! Iko analala!" Mama Julienne akanikumbatia, akalia zaidi. Alidhani uchungu umenipanda kichwani.

Ndani nikasikia sauti ya baba. "Mama, banalia nani? Ni nani alikufa?"

Baba hakuwahi kukosa kilio mtaani, hata awe na homa. Nikasikia fimbo yake ikigonga. "Baba, usitoke!" nikapiga kelele, lakini vilio vya wanawake vilinimeza, na Mama Julienne alikuwa bado amenishika kiuno ananibembeleza. Nilimsukuma. Nilichelewa. Baba aliweka mguu pale palipokuwa na vile vibao vitano.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, watu husema. Haya, mimi nilikuwa naziba!

Alikaa hospitali siku tatu, akafa Jumanne. Niliporudi nyumbani wanawake walikuwa wamekwisha kukaa chini sebuleni, juu ya vibao vyake, miguu wameinyoosha. Mama Julienne alikaa kando ya pengo, hakunitazama. Hakuna aliyehitaji kutoa viti. Vilikuwa nje tangu Jumamosi.