Beseni la Mama Mkwe

"Unazima tena! Papa! Moto unazima tena!"

Sauti ya Mathilde ilitoka jikoni ikipitia dirishani, ikamkuta mume wake Eliezer amepiga magoti kando ya shimo, mikono imezama ndani ya mavi ya ng'ombe mpaka viwikoni, akitafuta majani makavu ya kuondoa. Aliujua moto huo. Ulikuwa ule ule wa jana na juzi: unawaka njano kama taa yenye kioo kichafu, unatingishika, unasema pu, halafu kimya. Na uji wa watoto wa shule ndogo ya kanisa bado ni maji yenye unga unaoelea.

Gloriose, aliyekuwa akikata mboga mlangoni, aliinua kisu.

"Papa Eliezer, bibi mudogo amenuna leo? Umemukosea nini?"

"Muulize mwenyewe. Mi hanisemeshi."

"Hee! Unamulisha mbele ya wewe kunywa chai, unamuogesha, na bado ananuna? Huyo anataka mahari."

Wanawake walicheka. Eliezer alinyanyua mkono uliojaa mavi, wakakimbilia ndani wakicheka zaidi.

"Bibi mdogo", yaani mke wa pili, ndilo jina walilolipa Tumbo, mtambo wa gesi ya mavi. Tumbo lilikuwa limefukiwa nyuma ya jiko la kanisa, pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kuba la matofali chini ya udongo, lina mdomo wa kulishwa upande huu na mahali pa kutapika upande ule. Juu yake ulitoka mpira wa gesi mpaka kwenye jiko. Kila asubuhi Eliezer alichanganya ndoo ya mavi na ndoo ya maji, akakoroga, akachuja, akalilisha. Ukutani fundi alikuwa amefunga kimpira cheupe cha kuonyesha ndani, kilichopinda, ndani yake maji mekundu. Gesi ikiwa nyingi, maji yanapanda, ikipungua, yanashuka. Eliezer aliyatazama maji hayo kama wengine wanavyotazama saa. Sasa yalikuwa yamelala chini, na hata kile kidogo kilichotoka hakikutaka kuwaka.

Mathilde alitoka nje, akajifuta macho na kitenge. Jikoni walikuwa wamekwisha kuwasha kuni za akiba, na moshi ulimfuata mpaka mlangoni. Alikohoa. Alishika ukuta, akakohoa tena, kwa ile sauti ya chini ambayo Eliezer alikuwa amemshukuru Mungu kwa kutoisikia tangu Tumbo lilipojengwa. Miaka mingi ya kuni ilikuwa imemharibu kifua. Gesi ilipokuja, alirudi kwenye kwaya.

"Mzee Jean-Pierre alipita," alisema alipopata pumzi. "Anasema baraza la wazee litakaa Jumapili. Kama moto hauko, shimo lifukiwe, tununue kuni."

"Lifukiwe!" Eliezer alitupa majani chini. "Ng'ombe akiugua siku moja, unamuzika?"

"Mi siko baraza. Usinipigie makelele."

Eliezer alikwisha kufanya yote aliyofundishwa. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mpira, maana mahali penye gesi hapatafutwi kwa kiberiti. Hakuna povu lililovimba. Alimwaga maji yaliyojikusanya ndani ya mpira. Mavi yalikuwa mazuri, ya ng'ombe wa jirani Mmalawi, aliyeyaleta na kabaza, gunia nyuma ya baiskeli, akisema zikomo, asante ya kwao, kabla hata hajashuka. Basi ni nini?

Siku ya pili alichota uji wa Tumbo katika chupa, akaifunga vizuri, akaenda nayo Lilongwe, mtaa wa Area 49, kwa Robert, fundi aliyelijenga. Alipoifungua, mke wa Robert aliziba pua, akawaonyesha ua kwa kidole. Wakakaa nje. Robert alichovya kikaratasi cha kupima uchachu ndani ya chupa. Kilipaswa kuwa rangi ya jani. Kikawa rangi ya papai lililoiva.

"Tumbo limechacha," alisema Robert, kwa Kichewa cha polepole ili Eliezer amfuate. "Kuna mtu analilisha kitu kikali."

"Ni mi peke yangu ninalilisha."

"Basi ni wewe, au kuna mwingine usiyemjua."

Akamwambia la kufanya: asilishe chochote siku kadhaa, kisha maji ya majivu kidogo, kisha mavi mapya, kidogo kidogo, kama anayelisha mtu aliyetoka hospitali. Halafu akamshika mkono.

"Na moto usikaribie mpira ulio wazi. Gesi ikiwa dhaifu, hewa imeingia. Moto unaweza kurudi ndani. Hapo hutakuwa na jiko, wala ukuta, wala wapishi."

Asubuhi iliyofuata Eliezer alifika mapema kuliko kawaida. Kwenye mdomo wa shimo kulikuwa na duara jeupe limekauka kama maziwa. Aliinama, akanusa. Mihogo. Maji ya mihogo iliyoloweshwa mpaka ikaoza, ile inayopondwa na kufungwa kwa majani kuwa kwanga. Na katika upande huo wa kambi mtu wa kwanga alikuwa mmoja tu.

Alisikia kandambili njiani, akajibanza nyuma ya jiko. Mama Rosalie alikuja, kitambaa cheupe cha maombi kichwani, beseni juu ya kitambaa. Alilitua. Alimwaga maji ndani ya shimo taratibu, mpaka tone la mwisho, akanyoosha mkono na kusema Amina.

Mama Rosalie alikuwa mama yake Mathilde.

Eliezer akafanya kile ambacho mkwe wa kiume aliyelelewa Fizi, kule Kongo, anafanya: akageuza uso ukutani. Tangu aoe hajawahi kula mbele ya mama mkwe wake, hajamtaja jina, hajamtazama machoni. Wanapokutana njiani, yeye anashuka pembeni, anasalimia udongo. Neno likiwepo, linapita kwa Mathilde. Sasa utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba anatia sumu?

"Mama anamwaga maji ya mihogo mule shimoni," alimwambia Mathilde nyumbani.

"Mama gani?"

"Mi niko na mama mukwe wangapi?"

Mathilde alikwenda. Alirudi amekunja uso.

"Anasema ulilalamika foleni ya bomba ni ndefu, njo maana alianza kukuletea maji. Anasema anayaombea mbele ya kumwaga. Moto ukizima, si maji. Ni roho."

"Roho ya nini?"

"Ya kuzuia."

"Basi roho hiyo iachwe na njaa! Asiilishe!"

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie."

"Mwambie mwenyewe."

Wakatazamana. Mathilde ndiye aliyecheka kwanza, akakohoa, kicheko kikaishia hapo.

Eliezer alifunika shimo kwa bati, akaweka jiwe juu. Kesho yake bati lilikuwa mahali pake, jiwe mahali pake, limepanguswa hata vumbi. Na chini ya bati, duara jeupe, bichi. Alikaa juu ya ndoo akashika kichwa. Ee Bwana, alisema, umenipa mama mkwe mwenye adabu namna hii kwa nini?

Jumamosi wakaja. Aliwasikia kabla ya kuwaona, kikundi cha maombezi, wanawake wa vitambaa vyeupe wakiimba, Mama Rosalie mbele na mshumaa unaowaka, nyuma yake mwingine na bakuli la chumvi iliyoombewa. Eliezer alikuwa amefungua mpira pale ukutani ili kumwaga maji, mdomo wa mpira wazi unatazama uani. Alisimama. Akatazama miguu yake.

"Mathilde. Mwambie mama chumvi isiingie shimoni."

"Mama, anasema chumvi isiingie."

"Mwambie tumesikia," alisema Mama Rosalie. "Chumvi ingoje. Kwanza Bwana atuonyeshe roho imetoka ao haijatoka. Tutafungua robine ya gesi, tuweke moto. Ukiwaka, imetoka."

Eliezer aliinua kiganja, macho bado miguuni.

"Mathilde, mwambie mama asifungue robine."

"Mama, anasema usifungue."

"Mwambie imani haiogopi."

"Papa, anasema imani..."

"Nimesikia! Mwambie moto utarudi ndani!"

"Mama, moto utarudi..."

Wanawake walikuwa wameanza pambio. Gloriose alipiga makofi. Mkono wa Mama Rosalie ulikuwa tayari juu ya robine, koki ya ule mpira, ukaizungusha, na Eliezer akasikia sss, ndogo, kama mtu anayetaka kusema kitu. Mshumaa ulikuwa unashuka. Hakukuwa tena na nafasi ya maneno kupita kwa Mathilde.

Alinyanyua ndoo ya mavi iliyokorogwa akairusha.

Mshumaa ulizima. Pambio lilizima. Eliezer aliruka, akafunga robine, akaegemea juu yake. Alipogeuka, Mama Rosalie alikuwa amesimama palepale, na kijani kinamchuruzika kutoka kwenye kitambaa cheupe mpaka kandambili.

"Mama!" Sauti ilimtoka Eliezer kabla hajaipa ruhusa. "Mama, ungetuua! Na si roho, ni maji yako! Maji ya mihogo! Yamechacha, yanaliunguza tumbo! Nimeweka bati, unatoa bati! Nimeweka jiwe, unalirudisha vizuri! Wazee watafukia shimo, Mathilde atarudi kwenye moshi, atakohoa mpaka atapike damu! Njo unataka?"

Ndipo alipotambua kwamba anamtazama usoni. Macho ya Mama Rosalie yalikuwa macho ya Mathilde, yale yale, yamezeeka tu. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Akainamisha kichwa. Alikuwa amechelewa.

Mama Rosalie alijipangusa shavu kwa mgongo wa mkono.

"Mathilde," alisema, "mwambie mume wako..." Akaliacha neno hilo, akamgeukia binti yake. "Ni kwa kifua chako, mwanangu. Nilisema, mtoto wangu asikose moto."

Akaondoka. Wengine walimfuata, hakuna aliyeimba. Bakuli la chumvi lilibaki juu ya tofali.

Jumapili baada ya ibada wazee walikaa. Walikaa sana. Mkwe kummwagia mama mkwe mavi mbele ya kikundi cha maombezi, hiyo haikuwahi kusikika, wala Fizi, wala Uvira, wala hapa. Mmoja alitaka mbuzi. Mwingine alisema mbuzi na kitenge. Mwingine aliuliza kama mavi ya kutengeneza gesi ni mavi kabisa au ni dawa, na hapo walibishana mpaka jua likageuka. Mwisho Mzee Jean-Pierre aliamua: kitenge kipya, kitambaa cheupe kipya, na kuku. Eliezer alikubali yote, macho chini. Mtu alipokumbuka shimo, watu walikuwa wamekwisha kusimama kwenda kula.

"Shimo Jumapili ijayo," alisema Mzee Jean-Pierre.

Kwa hiyo Eliezer alingoja. Hakulisha. Alichuja majivu, akatia maji yake kidogo. Kisha mavi mapya, kidogo kidogo. Kitenge, kitambaa na kuku vilipelekwa na Mathilde, na Mathilde alirudi bila jibu. Jikoni wanawake hawakutaja tena bibi mdogo. Moshi wa kuni ulitoka dirishani kila asubuhi, na kikohozi kilitoka pamoja nao.

Ijumaa alikuwa amechuchumaa mbele ya kimpira cheupe. Alitia alama ya mkaa ukutani pale maji mekundu yaliposimama. Ndipo akasikia kandambili.

Hakugeuka. Aliteremsha macho kwenye udongo. Kandambili zilikuja mpaka kwenye shimo, zikasimama kando ya jiwe. Alisikia beseni likituliwa kutoka kichwani, na harufu ya mihogo ikamfikia.

Alikuwa anaomba bila maneno.

"Maboga," ilisema sauti, ikiuambia ukuta, "yanakunywa haya?"

Eliezer alijipangusa mikono.

"Yanakunywa," aliuambia udongo. "Yanapenda."

Hatua zilikwenda upande wa uzio, kwenye maboga. Kisha akasikia maji yakianguka juu ya ardhi kavu, polepole, mpaka tone la mwisho. Ndani, Mathilde alikohoa, akanyamaza. Eliezer aliinua macho hadi kwenye alama ya mkaa. Maji mekundu yalikuwa juu yake, kwa upana wa ukucha, yakitikisika.